Bingwa wa mieleka anapoingia mstari wa mbele: kisa cha Tristan Wirfs

Februari 1, 2017 ilikuwa siku ya vijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani kuanza kutia saini na vyuo kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani. Mashindano ya mieleka ya sekondari za jimbo la Iowa yalifanyika Des Moines wiki mbili na ushei baadaye. Huko ndiko Tristan Wirfs wa shule ya Mount Vernon alikotwaa ubingwa wa uzito wa juu kabisa, ule unaoishia pauni 285, sawa na kilo 129. Ukizipanga tarehe hizo utaona kitu ambacho wazazi na makocha wengi hukikosea: Chuo Kikuu cha Iowa hakikumtaka kijana huyu kwa sababu ya medali ya jimbo, maana medali yenyewe ilikuwa haijapatikana. Walichokitaka walikuwa wameshakiona tayari.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa kuwa mwisho wake unajulikana. Mwaka uleule Wirfs akawa kijana wa kwanza aliyetoka moja kwa moja sekondari kuanza mechi kama teko, yaani mzuiaji wa pembeni mwa mstari wa mbele, chini ya Kirk Ferentz, kocha anayeiongoza Iowa tangu 1999 na ambaye kazi yake ya ukocha ilikulia kwenye kufundisha mstari wa mbele. Mwaka 2019 akawa mchezaji bora wa mstari wa ushambulizi katika ligi ya vyuo ya Big Ten. Mwaka 2020 timu ya Tampa Bay ikamchagua namba 13 kwenye uteuzi wa NFL, ligi ya kulipwa, na Februari 2021 akashinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, akimlinda kwotabeki (mrusha pasi) Tom Brady. Swali ni hili: mtu aliyeketi na video za mieleka za kijana huyu mwanzoni mwa 2017 angeona nini, na ni nini asingekiona hata angezirudia mara mia?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mstari wa ushambulizi una watu 5. Senta yuko katikati na ndiye anayetoa mpira, magadi 2 wako ubavuni mwake, na mateko 2 wako nje ya magadi. Wote huzuia, lakini hawazuii kwa namna moja. Senta na gadi hugongana na mtu wao papo hapo, ndani ya eneo dogo. Teko anakabiliana na mvamizi, yaani mlinzi wa timu pinzani anayemkimbilia kwotabeki, anayeanzia nje yake na mwenye nafasi ya kukimbia. Inambidi arudi nyuma kwa mshazari, kifua kikimwelekea mvamizi, kwa sekunde mbili na nusu hadi tatu hivi, asimwachie njia ya ndani wala ya nje. Mieleka inafundisha kazi ya ndani vizuri kuliko karibu mchezo wowote mwingine. Kazi ya nje inaigusa kidogo mno. Anayesahau tofauti hiyo ataisoma vibaya kila video atakayoitazama.

Rekodi ya ushindi haitoshi

Kwenye uzito wa juu wa mieleka ya sekondari kuna mtego. Uzito unaotangulia ule wa 285 wakati huo uliishia pauni 220, yaani kilo 100. Kwa hiyo kijana wa kilo 129 anaweza kupangiwa mpinzani wa kilo 103. Akimlaza chali ndani ya sekunde arobaini, matokeo yanaandikwa kama ushindi mkubwa kabisa, lakini kwa mtu anayetafuta mchezaji wa mstari wa mbele ushindi huo hauna habari yoyote. Kijana anaweza kufika na ushindi arobaini, na thelathini kati yake ukawa wa aina hiyo.

Kwa hiyo kazi inaanza kwa kuchuja. Muulize kocha wa mieleka uzito halisi wa wapinzani, kwa sababu wanamieleka hupimwa kabla ya mapambano. Weka pembeni mapambano yote dhidi ya wepesi na yote yaliyokwisha kabla ya dakika moja. Utabaki na machache, pengine manne au matano, dhidi ya watu wa kilo 120 kwenda juu. Yaliyo bora ni yale aliyoshinda au kushindwa kwa alama moja au mbili. Wirfs alikuwa na bahati ya kuishi mahali ambapo mapambano ya namna hiyo yalipatikana karibu na nyumbani: katika mji jirani wa Solon alikuwapo Tyler Linderbaum, ambaye naye baadaye alikuwa senta wa Iowa na kuchaguliwa na timu ya NFL ya Baltimore namba 25 mwaka 2022. Walikutana mkekani wakiwa sekondari. Pambano moja kama hilo lina thamani kuliko kumi za kuwalaza wepesi.

Cha kutazama mkekani

Tazama nyonga kwanza. Pambano la sekondari lina vipindi 3 vya dakika 2. Simamisha video mwanzoni mwa kila kipindi na uangalie urefu wa nyonga za kijana kutoka sakafuni. Magoti yamekunjwa na kifua kimenyooka, au miguu imenyooka na mgongo ndio umeinama? Wa kwanza anashuka kwa magoti na nyonga, na atashuka hivyohivyo anapogongwa na mtu wa kilo 140 anayetaka kumsukuma hadi kwa kwotabeki wake. Wa pili anashuka kwa kiuno, na kiuno kikishakunjwa kichwa hutangulia, uzito huhamia vidoleni, na kuvutwa kidogo tu kwa fulana kunatosha kumwangusha kifudifudi. Kipindi cha tatu ndicho chenye ukweli. Pumzi zenyewe zisikushughulishe sana, kwa sababu mchezo mmoja wa futiboli huisha ndani ya sekunde chache na mapumziko hufuata. Angalia kama uchovu unaziinua nyonga. Kikao, yaani namna ya kusimama magoti yamekunjwa, kinachobaki chini mwishoni mwa dakika ya sita kimeshakuwa tabia.

Kisha mikono. Mwanamieleka mzuri hapigani mikono kwa kubahatisha: anatafuta nafasi ya ndani, viwiko karibu na mbavu, na kila mkono wake unapong'olewa anaurudisha ndani kabla mpinzani hajaitumia nafasi hiyo. Hesabu mara ngapi anaurudisha bila kutazama chini. Huo ni ujuzi ambao mchezaji wa mstari wa mbele asiyepita kwenye mieleka huchukua misimu miwili kuupata, na wengine hawaupati kabisa.

Tazama pia anavyoinuka akiwa chini. Kijana anayeanza kwa magoti na viganja, mtu mzima mwenye uzito wake akiwa amemlalia mgongoni, na bado akasimama kwa miguu miwili bila kuyumba, anakuonyesha nguvu ya nyonga kwa ukweli ambao chuma cha mazoezi hakiwezi kuuonyesha.

Mwisho, angalia kama anashambulia. Mapambano mengi ya wazito ni kusukumana vifua na kungoja mwenzako akosee. Mzito anayeshuka kuufuata mguu wa mpinzani, akakosa, akarudi kwenye kikao chake mara moja, ana wepesi unaohamishika. Mzito anayengoja tu anaweza kuwa bingwa wa jimbo na bado asiweze kumfikia mlinzi wa safu ya pili anayekimbia pembeni. Hilo lina uzito wa pekee kwa Iowa, ambao kwa miaka mingi mchezo wao wa mbio umejengwa juu ya kuzuia kwa kanda: wote watano wanapiga hatua ya pembeni kwa pamoja, kila mmoja anatafuta kuuzunguka mwili wa mlinzi na kumziba kwa nyonga. Mtu mzito asiyeweza kuhamisha nyonga zake haraka hana kazi pale.

Mazoea ya mieleka yanayogeuka makosa

Kosa la kwanza ni kukumbatia. Mkekani, kupitisha mkono chini ya kwapa la mpinzani na kumfunga ni mwanzo wa kumpiga mweleka. Uwanjani, mkono uliozunguka nje ya kifua cha mlinzi unaonekana na mwamuzi kwa urahisi, na adhabu ya kushika ni yadi 10. Mwanamieleka anayehamia futiboli lazima afundishwe upya kwamba viganja viwili vinaishia kifuani, dole gumba likielekea juu, na mlinzi akishaanza kuponyoka upande, anaachwa aende na kufuatwa kwa miguu. Wengi hawaachi, maana miaka ya mieleka imewafundisha kwamba kumwachia mtu ni kupoteza alama.

La pili ni gumu zaidi kuliondoa. Mpinzani akifuata miguu yako mkekani, unaitupa miguu nyuma na kumwangushia uzito wa nyonga mgongoni. Ni jibu sahihi, na kwa mwanamieleka hutokea kabla ya kufikiri. Kwenye ulinzi wa pasi jibu hilohilo ni hatari: miguu ikienda nyuma ya nyonga, mlinzi anarudi hatua moja na wewe unalala. Hapa unatakiwa ushuke nyonga huku nyayo zikibaki chini yako, upana wa mabega au zaidi kidogo, visigino vikigusa ardhi. Ukimwona kijana kwenye video ya futiboli akianguka mbele mara mbili tatu kwa mechi, usiharakishe kusema hana nguvu. Chunguza kwanza kama miguu yake imerushwa nyuma. Kama ndivyo, ni zoea, na zoea hufundishika. Kama miguu iko mahali pake na bado anaanguka, tatizo liko kwenye mizani ya mwili, na hilo ni zito zaidi.

Kilo 129 hazikuwa uzito wake

Wirfs alilazimika kupunguza uzito ili aingie kwenye kikomo cha kilo 129. Miaka mitatu baadaye alipimwa mbele ya timu za NFL akiwa na kilo 145. Tofauti hiyo inapaswa kumwamsha kila anayetathmini wazito wa mieleka: uzito unaousoma mwezi Januari umebanwa na kanuni.

Kanuni za mieleka ya sekondari zinataka kijana apimwe maji ya mwili na mafuta kabla ya msimu, na zinazuia kupunguza zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito kwa wiki. Kwa kijana wa kilo 140 hiyo ni kama kilo 2 kwa wiki. Ni kinga nzuri, lakini bado inamaanisha kwamba kijana aliyemaliza futiboli Novemba akiwa na kilo 140 atafika mashindano ya jimbo akiwa amekula kwa kipimo miezi mitatu, na nguvu zake za mwezi Februari ziko chini ya kiwango chake. Mpime Agosti, mpime tena Mei. Wastani wa hizo mbili ndio uzito wake. Kisha tazama mifupa: upana wa mabega, unene wa viwiko na vifundo vya mikono, urefu wa wazazi. Mwenye kilo 129 na mwili uliokwisha kujaa hana nafasi ya kuongeza kilo 12 bila kuongeza mafuta. Mwenye kilo 129 alizozifikia kwa kujibana, mbavu zikionekana, atazirudisha ndani ya miezi michache na kuendelea.

Kitu kingine kinachofichwa na kikomo hicho ni wale waliokipita. Kila msimu kuna vijana wa kilo 150 waliokuwa wanamieleka hadi darasa la tisa wakaacha kwa sababu hawaingii tena. Hawa hawana medali, na mara nyingi hakuna anayewauliza kama waliwahi kupigana mieleka. Ulizeni.

Jibu la swali la teko lilitoka kwenye kisahani

Hadi hapa, mwenye video za mieleka peke yake angemwandikia Wirfs tathmini ya gadi, na tathmini hiyo ingekuwa ya haki. Wanamieleka wakubwa waliofaulu kwenye futiboli wengi wameishia ndani. Carlton Haselrig, aliyetwaa ubingwa wa vyuo mara 6 bila kucheza futiboli ya chuo, alikuwa gadi wa Pittsburgh na kufika Pro Bowl, mechi ya nyota wa NFL, ya msimu wa 1992. Stephen Neal, bingwa wa dunia wa mieleka ya mtindo huru wa 1999, alikuwa gadi wa New England. Linderbaum mwenyewe, mwenye urefu wa kama mita 1.88 na mkono wa inchi 31 na kidogo, takriban sentimita 79, akawa senta, na ni senta bora.

Kilichomtoa Wirfs kwenye kundi hilo kilikuwa tufe na kisahani, ambavyo vyote vilimpa ubingwa wa jimbo. Kisahani cha sekondari kina kilo 1.6, na mrushaji anazunguka mara moja na nusu ndani ya duara la kipenyo cha mita 2.5. Simamisha video mrushaji anapokuwa katikati ya duara: anazunguka juu ya unyayo mmoja, uzito wote umekaa mbele ya unyayo huo, nyonga zimetangulia mabega. Mtu wa kilo 140 anayepita hapo bila kuyumba na bila kutoka duarani anakuonyesha miguu ya teko. Kurudi nyuma kwa mshazari ni kuhamisha uzito huo kutoka mguu hadi mguu, kichwa kikiwa kimetulia, na hakuna pambano la mieleka linalokuonyesha hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Urefu wa mikono ulikamilisha hesabu. Kwa teko wa NFL watu wengi huanzia inchi 33, kama sentimita 84. Vyuo havishiki kipimo hicho kwa ukali. Wirfs ana inchi 34, sentimita 86. Mkono mrefu unampa teko mguso wa kwanza, na mguso wa kwanza unampa muda wa kusahihisha hatua aliyoikosea. Kijana mwenye sentimita 80 anaweza kuwa na miguu ileile na bado akawa salama zaidi akisogezwa ndani.

Vipimo vya NFL vya 2020 viliyathibitisha yote hayo kwa namba: mbio za yadi 40 kwa sekunde 4.85, kuruka juu inchi 36.5, karibu sentimita 93, na kuruka mbele mita 3.07. Ni namba zisizo za kawaida kwa mtu wa kilo 145. Huko Iowa alikuwa ameshanyanyua kilo 204 kutoka mapajani hadi mabegani mara nne mfululizo. Pamoja na hayo, baadhi ya wachambuzi waliendelea kumwona kama gadi, wakitaja kichwa kinachoinama na miguu isiyotulia kwenye nafasi pana. Walichokiona kilikuwapo kweli. Tunadhani walikosea kukiita mpaka wa mwili wake, ilhali kilikuwa zoea la mkekani lililokuwa bado halijaisha. Mwaka 2019, teko wa kushoto alipoumia, Iowa walimhamishia Wirfs upande huo kwa muda na akamudu. Tampa Bay walimhamishia kushoto moja kwa moja mwaka 2023. Ameingia kikosi cha kwanza cha All-Pro, orodha ya wachezaji bora wa NFL kwa mwaka, akiwa kulia, 2021, na akiwa kushoto, 2024.

Kambi ya kiangazi

Video haijibu kama kijana anafundishika. Hilo hujibiwa kwenye kambi ya chuo ya kiangazi, ambapo makocha wanaruhusiwa kumfanyisha kazi kwa mikono yao. Kwa mwanamieleka tungetumia dakika ishirini hivi. Mpe kikao cha ulinzi wa pasi na hatua 3 za kurudi nyuma, mara 6, bila mpinzani. Kisha weka mvamizi mwepesi, wa kilo 105 hivi, nje ya bega lake, na umzuie kijana kutumia mikono: iweke nyuma ya mgongo. Mwanamieleka aliyezoea kushika ataona dunia imempinduka, na hapo utaona miguu peke yake. Baada ya raundi 3 mrekebishe jambo moja tu, kwa mfano kisigino cha mguu wa ndani kinachoinuka. Raundi ya nne na ya tano ndizo za kuandika. Kocha akirekebisha mambo matano kwa mpigo hatajua ni lipi lililoshindikana.

Mwisho wa kambi mwombe daktari aangalie mabega na shingo. Mieleka hula mabega, na Neal mwenyewe yalimsumbua katika miaka yake ya NFL.

Muda

Brock Lesnar, bingwa wa vyuo wa 2000, alijaribu kuingia Minnesota Vikings mwaka 2004 kama mlinzi wa ndani na akaachwa kabla ya msimu kuanza. Gable Steveson, mwenye dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, alisajiliwa na Buffalo 2024 na kuachwa Agosti ileile. Wote wawili walikuwa wanamieleka bora kuliko Wirfs, na hilo halina ubishi. Walichokosa ni maelfu ya marudio ya kuanza mpira unapotolewa na kusoma wapinzani wamesimama wapi. Neal alipata nafasi ya kudumu mwaka 2004, miaka mitatu baada ya kusajiliwa. Wirfs aliyapata marudio hayo akiwa kijana, kwa sababu hakuacha mchezo mmoja kwa ajili ya mwingine: futiboli kuanzia Agosti, mieleka kuanzia Novemba, kurusha kuanzia Machi.

Familia za Wakongomani walioko Cedar Rapids na Iowa City, si mbali na Mount Vernon, zina watoto katika shule zenye michezo yote hii. Kwa mzazi mwenye kijana mkubwa darasa la tisa, mambo ya kushika ni machache. Mwacheni apigane mieleka na arushe kisahani, wala msikubali kocha yeyote amwambie achague mchezo mmoja mapema. Asifunge kula ili aingie kilo 129 ikiwa mwili wake umeshapita hapo; afadhali akose msimu wa mieleka. Hifadhini video za mapambano aliyoshindwa pamoja na zile za ushindi, kwa sababu kocha makini ataziomba. Na tangu mwaka huo wa kwanza, mshauri wa shule awaonyeshe kwa maandishi ni masomo yapi yanayohesabiwa katika yale 16 ya msingi yanayotakiwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa vyuo vya daraja la kwanza, maana masomo ya kujifunza Kiingereza mara nyingi hayahesabiwi, na familia nyingi hulijua hilo kijana akiwa darasa la kumi na mbili.